Sanduku kabla ya kanuni

Magofu ya Shule ya Mtakatifu Maria yapo Mbweni, Zanzibar, hadi leo, kuta za mawe zimevamiwa na miti. Wasichana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa walisoma hapo chini ya Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877. Enzi hizo wamisionari wa Kiingereza walikuwa na mbinu kali ya kufundisha kuimba: solfa. Herufi d, r, m (do, re, mi) ubaoni, ishara za mkono alizozipanga John Curwen, basi. Haikutaka piano wala mistari mitano ya nota. Kwaya za bara zinaisoma mpaka sasa, na sioni aibu kusema ni mbinu nzuri.

Ila mkalishe mtoto huyohuyo mbele ya kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab. Katika Rasti, moja ya maqamu (ngazi za sauti) za taarab, sauti ya tatu si mi, wala si mi iliyoshushwa nusu toni. Imekaa baina ya hizo mbili. Solfa haina herufi yake. Mtoto ataivuta juu mpaka mi, mwalimu atamwambia amepotea, na ubaoni hapana pa kumwonyesha njia.

Ndiyo maana, kwa watoto wa darasa la pili au la tatu, mimi ningeanza na kidumbak, muziki wa ngoma ulio ndugu wa taarab. Wengi waliokuja kupiga taarab walianzia huko, na vyombo vyake ni rahisi: vigoma viwili, cherewa za vifuu, mikwasa ya kugonga, na sanduku. Hilo sanduku ndilo mwalimu hasa. Ni kasha la chai lililogeuzwa, uzi mmoja, na fimbo. Mtoto akiivuta fimbo uzi unakaza, sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Hakuna alama ya kumwambia simama hapa. Anasikiliza fidla inayopigwa pamoja nao, anavuta kidogo, anarudisha, anavuta tena, huku wenzake wenye cherewa hawamsubiri. Sauti ya katikati anaikuta kwa mkono na sikio kabla hajalijua jina lake.

Kanuni ije baadaye. Ina nyuzi 78 hivi, tatutatu kwa kila sauti, na upande wa kushoto vipo vijichuma vya kuinua na kulaza. Kiinue kimoja, piga. Kilaze, piga tena. Aliyepitia sanduku atajua papo hapo kilichobadilika. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002 katika Forodha ya zamani, Mji Mkongwe, kinafundisha taarab na kidumbak pamoja, kwa hiyo daraja la kutoka sanduku hadi kanuni si ndoto.

Limebaki jambo dogo linalosahaulika: pete za kushikia risha za kupigia kanuni zimetengenezwa kwa vidole vya watu wazima. Kwenye kidole cha mtoto wa miaka minane pete inazunguka, risha inateleza, na kila mtu anadhani mtoto hana kipaji. Zungusha utepe kidoleni mara mbili, kisha mvishe.