Safari Zinazojiandika Zenyewe

Baadhi ya wanafunzi wetu, wanaporudi kutoka utafiti wa nyanjani, hutuletea ramani iliyochorwa na simu badala ya shajara ya safari. Hatukuona vema kuikataa kabla ya kuisoma. Programu yenyewe ni Timeline ya kampuni ya Google, iliyotolewa mwaka 2015. Ukishaiwasha huna la kuandika. Simu hukusanya ishara za setilaiti na minara, kisha hukisia ulipopita, saa uliyofika, na kama ulikwenda kwa miguu au kwa gari.

Kwa tarehe na saa hatuna ugomvi nayo. Mtafiti aliyesahau kama alifika kijijini Jumanne au Jumatano ataishukuru. Lakini tuisome kama matini. Salim bin Abakari alisafiri Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokihariri Carl Velten mwaka 1901. Yeye anaitazama nchi ya wageni kwa jicho la Mswahili. Anashangaa, analinganisha na kwao. Programu haishangai. Saa tatu ulizokaa chini ya mwembe ukisimuliwa ngano, ambazo ndizo zilizokupeleka huko, ni nukta moja tu. Data imepotea, imebaki nauli!

Utunzaji nao unatutia wasiwasi. Moves, programu ya Kifini ya aina hiyohiyo, ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014 na kufungwa mwaka 2018. Mwezi Machi 2025 Google wenyewe walikiri kwamba hitilafu ya kiufundi ilifuta kumbukumbu za baadhi ya watumiaji. Wasiokuwa na nakala ya akiba hawakuwa na la kufanya. Daftari huliwa na mchwa, ni kweli, ila mchwa humwona.

Zito kuliko yote ni hili: bibi aliyekubali kusimulia kwa sharti asitajwe jina, nyumba yake inaonekana wazi kwenye ramani, pamoja na siku na saa ya mazungumzo. Jina tumelificha, mlango tumeuonyesha. Mwanafunzi hakukusudia, simu iliandika bila kumuuliza, na yeye akaikabidhi bila kuisoma.

Kwa hiyo tunapendekeza ramani ipokelewe kama kiambatisho tu, nyumba za wasimulizi zikiwa zimefutwa, na shajara iliyoandikwa kwa mkono iwe ndiyo inayosahihishwa.