Sumaku na Jirani Yake

Mafundi wanaopanga sumaku katika pete za kuhifadhia elektroni wanastahili sifa kubwa kuliko wanayopewa, na si kwa sababu ya udogo wa vipimo vyao tu. Wanajenga juu ya kitu kisichotulia. Kati ya 1989 na 2000, maabara ya CERN iliendesha pete ya LEP, yenye mzingo wa kilomita 27, chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Nishati ya elektroni ikawa inapanda na kushuka kidogo saa hadi saa, na chanzo kikagunduliwa kuwa mwezi: mvuto uleule unaofanya maji yajae na kupwa pwani ulikuwa ukiuinua mwamba na kuubadilisha mzingo wa pete kwa takriban milimita moja.

Basi hakuna sumaku inayowekwa mahali pake pa kudumu, na hapo ndipo ninapouona ukubwa wa kazi hii. Fundi hutafuta usawa wa jirani kwa jirani. Pete nzima ikididimia pamoja, taratibu, elektroni hazidhuriki sana. Lakini sumaku moja ya kukusanya mwale wa elektroni ikihama peke yake, hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, mwale husukumwa pale, na kosa hilo husambaa pete nzima likikuzwa na sumaku nyingine. Tena katikati ya uga wa sumaku si lazima pawe katikati ya chuma chake. Kwa hiyo, kabla sumaku haijaingia handakini, hupitishwa waya mwembamba ndani yake, waya ukatiwa umeme wa kubadilikabadilika; ukitikisika, haujafika katikati. Ukitulia, mahali hapo huhamishiwa kwenye alama za nje ya chuma, kwa kuwa vipima leza vya handakini huona alama hizo tu. Kwa kimo, maabara ya ESRF mjini Grenoble hutumia vyombo vilivyounganishwa kwa maji, kanuni ambayo mwashi anayesawazisha msingi kwa mpira wa maji ataitambua papo hapo.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta na sumaku ndogo za kurekebisha zimeshaichukua kazi hii. Hoja hiyo ina uzito. Siku hizi waendeshaji hubadilisha kidogo nguvu ya sumaku moja, na mwale ukihama wanajua haupiti katikati yake. Lakini sumaku za kurekebisha zina kikomo cha nguvu, na kila zinapoficha kosa kubwa huacha kasoro nyingine katika mwale. Kubwa zaidi, mwale usiozunguka hauwezi kupimwa hivyo. Pete ya Grenoble ilizimwa Desemba 2018, ikang'olewa, ikajengwa upya kwa sumaku zaidi ya 1,000 katika mzingo wa mita 844, na kabla ya 2019 kwisha elektroni zilikuwa zikizunguka ndani yake. Mzunguko wa kwanza kabisa haukuwa na mwale uliotangulia wa kuuelekeza. Ulitegemea waya, alama na maji.