Jalada Halijibizani

Katika miaka ya karibuni umezuka Dar es Salaam mtindo wa kupigwa picha na kitabu. Kijana mashuhuri wa mitandaoni, ambaye jana alionyesha viatu na juzi saa ya mkononi, leo huonyesha kitabu: ama kimelazwa kando ya kikombe cha kahawa, ama kimeshikwa kifuani, jalada likiitazama kamera. Haupiti muda ila huja na umbea wake. Watu huulizana kama mwenyewe amekisoma. Wapo wanaoikuza picha ili waone kama mgongo wa kitabu umewahi kukunjwa; wapo wanaohesabu siku baina ya kitabu kimoja na cha pili, wakatoa hukumu kwamba hakuna binadamu awezaye kumaliza kurasa mia nne kwa kasi ile. Kesi husikilizwa, mtuhumiwa husutwa, na baraza huvunjika. Kitabu chenyewe hakikutajwa ila kwa jina.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, nalo kwa sehemu ni dogo. Lakini ndani yake limebeba suala ambalo mpenzi wa fasihi hawezi kulipuuza: nani anaaminiwa kuwa ni msomaji, na kwa ushahidi gani?

Kwanza yafaa kuondoa dhana moja. Kusoma ili kuonekana si dhambi katika mila za pwani. Neno lenyewe kusoma, kwa watu wa mwambao, halikuwa na maana ya mtu mmoja kujifungia chumbani na kitabu chake tu. Maulidi husomwa, khitma husomwa, utenzi husomwa; na kote huko msomaji ana wasikilizaji, ana sauti, na ana sifa yake iwapo amesoma vizuri. Aliyekosea huzinduliwa palepale. Mtu asiyependa kuonekana akisoma angekuwa na shida kubwa katika jamii kama hiyo. Kwa hivyo, mwenye kumlaumu kijana wa Kinondoni kwa kuwa ameonyesha kitabu hadharani, anamlaumu kwa jambo ambalo mababu zake walilifanya kila mwezi wa Mfunguo Sita.

Tena pwani ina sanaa nzima ya maandishi ya kuonyeshwa, nayo ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Na jina hilo huvaliwa makusudi ili lisomwe. Mwanamke anayejua mambo haendi dukani kuchagua rangi peke yake. Huyasoma majina, huyapima, hufikiria atalivaa lipi, siku gani, na mbele ya nani. Akishalivaa, amekwisha kusema. Jirani akimuuliza alikuwa akimkusudia nani, hawezi kujitetea kwamba hakulisoma. Hiyo ndiyo sharti ya kanga: aliyeyavaa maneno ana dhamana nayo. Hapa ndipo kitabu cha picha kinapopungukiwa. Mwenye kukionyesha anataka heshima ya maneno yaliyomo, lakini dhamana yake haitaki. Akiulizwa kitabu kinasema nini, hujibu kwamba ni kizuri sana na kila mtu akitafute.

Kipimo cha pili kinatoka kwa washairi. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili zilijaa kujibizana. Mmoja hutoa swali au fumbo, mwengine wa mji wa mbali hulijibu, mara nyingi kwa bahari ileile na kwa vina vilevile, na wa tatu huingia kuwaamua. Hakuna aliyehitaji kuuliza kama mjibuji alilisoma shairi la kwanza. Jibu lilikuwa ndio ushahidi. Asiyesoma hajui vina alivyowekewa, wala hajui tusi limefichwa katika ubeti gani. Akijaribu kujibu huumbuka mwenyewe. Kusoma kulithibitishwa kwa kile msomaji alichokirejesha.

Tukivichukua vipimo hivi viwili, dhamana na jibu, tunaweza kuvitazama vitabu vinavyopendwa kuonyeshwa. Wengi huonyesha vile vya Kimarekani vya utajiri na madaraka, ambavyo nakala zake huuzwa hata kando ya barabara za mjini: Think and Grow Rich cha Napoleon Hill (1937), Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki (1997), The 48 Laws of Power cha Robert Greene (1998). Sababu ya kuchaguliwa iko wazi. Majina yao yamekwisha kusema kila kitu. Mpita njia anaelewa mara moja kwamba mshikaji anakusudia kuwa tajiri au mkubwa. Ni kama kanga, ila ni kanga isiyomlenga mtu. Haiudhi, haibembelezi, wala haimpi jirani sababu ya kujibu. Juu ya vitabu vya namna hii umbea wa "amesoma, hajasoma" hauna maana kubwa, kwa kuwa mshikaji alikwisha kupata alichokitaka katika jalada.

Mfano mzito zaidi ni wa Abdulrazak Gurnah. Tarehe 7 Oktoba 2021 ilipotangazwa kwamba mwandishi huyu, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, amepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, watu wa Bara na Visiwani walijaa fahari kwa siku moja. Palikuwa na mabishano makali kama yeye ni Mtanzania, Mzanzibari au Mwingereza. Fahari ile ilikuwa ya kweli. Lakini riwaya zake kumi za wakati ule, tangu Memory of Departure (1987) mpaka Afterlives (2020), zote zilikuwa kwa Kiingereza, na hata moja haikuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili. Basi waliomsifu bila ya kumsoma walikuwa wengi, na waliowacheka kwa kutomsoma nao hawakumsoma. Pande zote mbili zilibishana juu ya pasipoti, kwa kuwa pasipoti ndiyo habari pekee waliyoshirikiana.

Mwaka 1994 Gurnah alichapisha Paradise. Mwaka 2022 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mchapishaji akiwa Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Hata mtu asiyevuka jalada ana la kusoma hapo. Neno pepo katika Kiswahili lina mashaka yake: ni makaazi ya waja wema, na pia ni yule anayepunguliwa kwa ngoma na ubani. Mfasiri ametia kiambishi cha mahali, na mashaka yakapungua. Lakini wakati huohuo msomaji ametiwa ndani ya pahala, haonyeshwi tena kwa mbali kama katika jina la Kiingereza. Mwenye kukishika kitabu hiki kifuani angesema hilo tu, angekuwa amekwisha kulipa sehemu ya deni.

Na deni ndiyo habari ya riwaya yenyewe. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anatolewa na baba yake kuwa rehani kwa tajiri Aziz. Alimzoea kwa jina la udugu. Huko dukani Khalil, aliyetangulia kuwekwa rehani, anamkataza kumwita hivyo na kumtaka aseme seyyid. Utumwa mzima umo katika neno moja la kuitana. Ni ajabu basi kwamba riwaya inayohusu binadamu aliyewekwa dhamana kwa deni asilolikopa, nayo imekuwa ikiwekwa rehani kwa heshima ya mtu ambaye hakuifungua. Na mwishoni, Yusuf anaukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Kwa nini aikimbie nyumba ya bwana mmoja na kuingia katika jeshi la bwana mwengine? Hilo ni swali ambalo wasomaji makini wanaweza kulibishania usiku kucha, na jalada haliwezi kulijibu.

Hapa umbea unafichua ubaya wake mkubwa, ambao ni upendeleo. Manispaa ya Kinondoni ina Masaki na ina Tandale. Temeke ina Mbagala, Tandika na Keko. Msichana wa Mbagala akishika riwaya ya Kiingereza huulizwa ameitoa wapi. Mwenziwe wa Masaki akishika hiyohiyo huulizwa kama ni nzuri. Shaka haigawiwi sawa. Kwa mmoja kitabu ni pambo lililozidi kimo chake, kwa mwengine ni kitu cha nyumbani, hata kama kimekaa kabatini miaka kumi na plastiki yake.

Hata hivyo, mwenye ufunguo wa Paradise yumkini ndiye yule wa Mbagala. Kama alikwenda chuoni utotoni, anakijua kisa cha Nabii Yusuf katika sura ya kumi na mbili: kijana mzuri, mke wa bwana, na kanzu iliyochanika kwa nyuma. Gurnah amelijenga jambo kubwa la riwaya yake juu ya kisa hicho. Bibi mwenye nyumba anaitwa Zulekha, na shati la Yusuf linachanika nyuma vilevile. Msomaji aliyekisikia kisa kile mkekani atakifika kitabu na nusu ya maana mkononi, na ataona mapema mahali mwandishi alipokifuata kisa na mahali alipokipinda. Kwani Yusuf huyu hakuti ufalme mwisho wa safari. Mwenye shahada anaweza kuyapata hayo kwa maelezo ya mhadhiri. Umbea unaomkatisha tamaa msichana wa Mbagala asionekane na kitabu, unaipotezea riwaya mmoja wa wasomaji wake waliokuwa tayari.

Wala isidhaniwe kwamba mitaa hiyo ilikuwa mikavu. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974) na riwaya za Ben Mtobwa zilisomwa na watu ambao hakuna aliyewapiga picha. Willy Gamba na Joram Kiango walijulikana kwa majina kama vijana wa mtaa. Nakala ziliazimwa mkono kwa mkono mpaka jalada likabanduka, na aliyeipata ya mwisho alilazimika kuuliza jina la kitabu. Wahakiki wa wakati ule waliziita riwaya hizo nyepesi, na pengine zilikuwa nyepesi. Lakini zilikuwa na jambo ambalo vitabu vya picha havina, yaani watu wa kugombana nao juu ya yaliyotokea ndani.

Basi wote wawili, mshikaji na msutaji, wanaweza kupewa shauri moja. Mshikaji na afanye kama mvaa kanga: achague maneno, akubali kuulizwa. Afungue ukurasa mmoja, ausome kwa sauti, akosee ikibidi, azinduliwe. Mtu aliyesoma kurasa kumi akazisema vyema ni msomaji wa kurasa kumi, na hapana aibu katika hilo. Msutaji naye aache kuutazama mgongo wa kitabu. Amuulize Yusuf alikimbilia nini. Akijibiwa vibaya, ajibu vyema zaidi. Akishindwa yeye, aazime kitabu kilekile akamalizie nyumbani.