Saa za Juba Ndani ya Kifurushi

Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, ikaachana na majira ya Nairobi na Dar es Salaam. Tangazo kama hilo likishatoka serikalini, kazi huwaangukia watu ambao raia hawawajui kabisa. Hifadhidata ya kanda za saa inayotegemewa na kompyuta nyingi duniani ilitoa toleo lake la 2021a siku chache kabla. Kutoka hapo mabadiliko yalipaswa kufika kwenye kila mfumo, na ndani ya kila mfumo yafikie kila lugha ya programu inayobeba nakala yake yenyewe.

Perl ni mojawapo. Inayo maktaba iitwayo DateTime::TimeZone, yenye kanda zote za saa zikiwa zimeandikwa kama moduli za Perl. Mwandishi wake huiweka CPAN, ghala la maktaba za Perl lililofunguliwa mwaka 1995, na yeyote anaweza kuisakinisha kutoka huko kwa amri moja. Sasa mtunza kifurushi wa Debian, mojawapo ya mifumo hiyo, anayeichukua maktaba hiyo na kuifanya kifurushi kiitwacho libdatetime-timezone-perl, anaongeza nini?

Ukitazama kwa haraka, si kitu. Kando ya msimbo wa mwandishi anaongeza saraka moja, debian, yenye mafaili machache. Faili la control linataja jina la kifurushi na vyote kinavyovihitaji. Faili la rules, linaloongoza ujenzi, kwa maktaba nyingi za Perl halizidi mistari mitatu. Ipo hata programu ya kuchora kiunzi hiki chote, dh-make-perl, na mgeni akishaiendesha huona kazi imekwisha.

Ufundi unaanzia hapo. Lipo faili la copyright, na kuliandika vizuri kunataka mtu apite kwenye kila faili la mwandishi kama anayechambua mchele: hili lina leseni ipi, lile lilinakiliwa kutoka wapi, huyu aliyetajwa chini kabisa ni nani, na alitoa ruhusa gani? Kifurushi kipya hakiingii Debian mpaka watu wengine wakisome tena kwa macho hayohayo, na kinaweza kurudishwa kwa sababu ya faili moja tu lisiloeleweka limetoka wapi. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa usumbufu. Mimi naona ni heshima kwa walioandika na kinga kwa watakaotumia.

Kisha kifurushi hujengwa mahali patupu, pasipo na kitu kisichotajwa, na bila kugusa intaneti. Kama maktaba ilikuwa ikiegemea kimyakimya kitu kilichokuwepo tu kwenye kompyuta ya mwandishi, hapo itaumbuka. Majaribio ya mwandishi huendeshwa humohumo. Kikihitajika kiraka cha kurekebisha msimbo wa mwandishi, mtunzaji huandika juu yake sababu ya kuwekwa, na kama kimepelekwa kwa mwandishi ili siku moja kisihitajike tena.

Turudi Juba, kwenye saa za Sudan Kusini. Debian 9 ilitoka mwaka 2017, na toleo likishatoka rasmi maktaba zake hazibadilishwi ovyo, maana kuna programu za watu zinazotegemea tabia zake zilivyo. Lakini kanda za saa haziheshimu ratiba ya mtu. Njia rahisi ingekuwa kuingiza DateTime::TimeZone mpya nzima, pamoja na kila kitu ambacho mwandishi alikuwa amekibadilisha katikati. Watunzaji hawakufanya hivyo. Walichukua chombo kilekile cha mwandishi cha kugeuza hifadhidata kuwa moduli, wakakilisha data za 2021a, na tofauti iliyopatikana wakaiweka kama kiraka juu ya msimbo wa zamani. Kifurushi kikapewa namba 1:2.09-1+2021a. Ile 1 ya mwanzo na nukta mbili zake ni mambo ya kupanga namba, tuziache. 2.09 ni toleo la mwandishi, halikuguswa. 1 inayofuata kistari ni ufungaji wa kwanza wa toleo hilo ndani ya Debian. 2021a ni Sudan Kusini.

Sijaona mahali pengi ambapo kujizuia kumeandikwa waziwazi namna hiyo. Fundi aliyeweza kubadilisha mengi alibadilisha lile lililokuwa limebadilika duniani tu, akaacha alama ili anayekuja nyuma yake ajue ni lipi.

Kama kompyuta yako inatumia Debian, fungua saraka ya /usr/share/doc, chagua kifurushi chochote, usome faili la copyright na lile la changelog. Majina ya waliofanya kazi hii yamo humo.