Upungufu, Uhaba na Kupungukiwa: Uhakiki wa Istilahi za Hatari ya Maji

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kundi dogo la istilahi zinazoonekana mara kwa mara katika taarifa za makampuni na mipango ya halmashauri: “uhaba wa maji”, “hatari ya maji”, “kihatarishi” na “mnyororo wa ugavi”. Jambo linalozungumzwa ni moja, nalo ni jinsi kampuni inavyojiandaa kwa siku ambayo maji hayatatosha, ama katika shughuli zake yenyewe, ama kwa wale wanaoiletea malighafi. Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, istilahi za namna hii zimepata uzito mpya. Zikilegea, ulegevu huo waweza kuingia katika kibali cha kutumia maji, katika mkataba, na hatimaye katika hukumu.

Istilahi haipimwi hewani; hupimwa mahali inapotumika. Sisi tumechagua Nyahanga, kata iliyomo Kahama, mkoani Shinyanga. Huko mvua ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Maji ya bomba hutoka Ziwa Victoria, husafishwa Ihelele wilayani Misungwi, kisha husukumwa hadi Shinyanga na Kahama kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Katika ukanda huo huo wa dhahabu mna migodi mikubwa: Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu, ulioanza mwaka 2001, yote miwili ikivuta maji kutoka ziwani. Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009 na kukoma uzalishaji mwaka 2021.

Tuanze na “uhaba wa maji”. Mtu akiandika kwamba Nyahanga ina uhaba wa maji, amesema nini? Huenda mvua hazikunyesha. Huenda maji yamejaa ziwani lakini pampu imesimama. Huenda pia maji yamo bombani, ila bomba halijafika kwa mwananchi au hana fedha ya kulilipia. Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina tiba yake. La kwanza ni ukame. La pili ni kukatika kwa huduma. La tatu ni ukosefu wa huduma. Anayeyatia yote katika kapu la “uhaba” humpa mhandisi lawama za mawingu, na humpa mweka bajeti udhuru asiostahili.

Aidha, wataalamu wa maji wana vipimo vyao. Kwa kipimo kilichoenezwa na Malin Falkenmark wa Sweden, nchi yenye maji chini ya mita za ujazo 1,700 kwa kila mtu kwa mwaka huhesabiwa kuwa imebanwa, na iliyo chini ya 1,000 huhesabiwa kuwa katika upungufu wa kudumu. Watafsiri wetu huviita viwango vyote viwili “uhaba”, na tofauti hupotea. Tunapendekeza “dhiki ya maji” kwa kiwango cha kwanza, kwa kuwa dhiki ni kubanwa, na “uhaba wa maji” ubakie kwa kiwango cha pili tu.

“Hatari ya maji” nayo ina kasoro ya kisarufi. Kiunganishi “ya” hakielezi kama maji ndiyo yanayodhuru au ndiyo yanayodhuriwa. Mgodini utata huu si wa kubuni. Mgodi huo huo hulazimika kupampu maji yanayojaa mashimoni, na wakati huo huo huhitaji maji ya kusagia mawe na kuchenjulia dhahabu. Mafuriko ya shimo na kukauka kwa bwawa yote yataitwa “hatari ya maji”, na msomaji atabahatisha.

Maofisini limeenea neno “kihatarishi”. Hatulikatai, mradi litumike kwa maana yake: kihatarishi ni kile kinacholeta hatari, kama vile bomba kuukuu au kutegemea chanzo kimoja. Hatari yenyewe ni uwezekano wa jambo kutokea pamoja na ukubwa wa madhara yake. Mwenye kuandika “kihatarishi cha maji” ameyashitaki maji, ilhali yaliyoleta hatari ni kutokuwepo kwake.

Hapa ndipo penye hoja yetu kuu. “Upungufu wa maji” hutaja kinachopungua, lakini hunyamaza kuhusu anayepungukiwa. Tuchukue kampuni yoyote yenye bomba lake kutoka ziwani. Yaweza kuandika kwa ukweli kamili kwamba imedhibiti hatari ya upungufu wa maji, na bado kijiji kilicho kandokando ya bomba kikawa hakina maji. Kiswahili kina kitenzi kisichoruhusu ukimya huo: “kupungukiwa”. Kitenzi hiki hudai mtendwa. Tukisema “hatari ya kupungukiwa na maji”, swali la “nani?” hujileta lenyewe: kiwanda, wafanyakazi, au majirani? Tunapendekeza istilahi hii iwe ndiyo sanifu, na kila taarifa itaje anayepungukiwa.

“Mnyororo wa ugavi” umekwisha kuzoeleka, wala hatuoni haja ya kuung’oa. Ila ugavi katika ofisi zetu umekuwa kazi ya Afisa Ugavi, yaani kununua na kutunza vifaa bohari. Kwa hiyo msomaji hulielewa neno kuwa linaishia ghalani. Pamba ya Shinyanga hulimwa kwa kutegemea mvua. Kiwanda cha kuchambua pamba chaweza kuwa na maji tele kikakosa pamba. Yafaa basi mtafsiri ataje mkulima kama pete ya kwanza ya mnyororo huo.

Hatusemi kwamba lugha ni maskini. “Uchenjuaji” na “marudio” ni maneno yanayotumiwa na wachimbaji wenyewe, na leo ofisi za serikali huyatumia. Wasukuma nao wana “ngitili”, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ile kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliufufua mtindo huo. Ngitili ni udhibiti wa hatari uliopewa jina, tena humjua anayewekewa akiba.

Tunawaomba watafsiri, walimu na maafisa wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee maoni kabla istilahi hizi hazijapelekwa kusanifishwa.