Kitabu cha LilyPond: Mungu anakatwa wapi?

Bandugu, LilyPond ni programu ya bure ya kuandika noti za muziki kwa kompyuta. Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, waliianza mwaka 1996. Lakini leo naangalia kitabu chake cha maelezo, kazi ya watu wengi wa kujitolea.

Nguvu yake ni hii: picha za noti zilizo ndani zinatengenezwa na programu yenyewe, kutoka maandishi yale yale unaonyeshwa. Sisi watu wa agronomi tunajua faida ya shamba la mfano: mkulima anajionea mahindi, haambiwi tu.

Tena Kifaransa kiko, na unaweza kuandika do, re, mi badala ya c, d, e. Ni muzuri sana. Ila maestro wa kwaya hapa Lubumbashi atakwama kwenye maneno ya wimbo. Kitabu kinafundisha kutenga silabi kwa vistari viwili. Hakimuambii kama Mungu ni "Mu -- ngu". Akifuata mazoea ya Kifaransa ataandika "Mun -- gu", na waimbaji watafunga sauti kwenye "n" mbele noti haijaisha.

Ile mifano ya Kiswahili haitatoka Uholanzi. Kitabu kinaruhusu kila mutu kukinakili na kukibadilisha. Mji wa Joseph Kiwele, mtunzi wa Missa Katanga, usibaki na fotokopi zilizofifia tu. Ukurasa mmoja wa silabi zetu: nani anaanza?