Pipa la taka la Houston liliamua mechi ngapi?

Rekodi ya Houston Astros katika mtoano wa besiboli wa 2017 inasomeka kama hati ya mashtaka: nyumbani walishinda mechi 8 na kupoteza 1, ugenini walishinda 3 na kupoteza 6. Walitwaa ubingwa wa Marekani kwa kuwafunga Los Angeles Dodgers katika mechi ya saba ya fainali. Novemba 2019, mrushaji wao wa zamani Mike Fiers alipofichua kwamba timu hiyo ilikuwa ikiiba ishara kwa kamera, watu wengi waliona hesabu hiyo inatosha kuwatia hatiani. Kwangu mimi, katika ushahidi wote uliopo, hiyo 8 kwa 1 ndiyo dhaifu kuliko yote.

Tuanze na wizi wenyewe. Wakati huo mdakaji alichuchumaa nyuma ya mpigaji na, kwa vidole alivyovificha katikati ya mapaja, alimwelekeza mrushaji arushe mpira gani: wa kasi, wa kupinda, au ule wa polepole unaojifanya wa kasi. Mpinzani aliyefika kituo cha pili aliviona vidole hivyo, na akivisoma kwa macho yake tu hakuwa amevunja sheria yoyote. Astros walichukua picha ya kamera iliyokuwa upande wa mbali wa uwanja wao wa nyumbani, mkabala na mdakaji, wakaipeleka kwenye skrini iliyotundikwa ndani ya ujia karibu na benchi lao. Aliyekuwa akiitazama aligonga pipa la taka. Kishindo kimoja au viwili, unakuja mpira wa kupinda au wa polepole. Kimya, unakuja wa kasi.

Faida yake si ya kubeza. Mpira wa kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa sekunde 0.4 hivi, na karibu nusu ya muda huo huishia kwenye kuutambua. Kipa aliyenong'onezwa upande wa penalti bado anaweza kufungwa, lakini hataruka upande usiofaa.

Tatizo ni kile kimya. Katika mfumo huu kimya kilikuwa na maana mbili: mpira wa kasi unakuja, au jamaa wa kwenye skrini ameshindwa kusoma. Uwanja ukijaa huongezeka maana ya tatu: pipa limegongwa, ila mpigaji hakusikia. Shabiki mmoja wa Astros alisikiliza video za mechi za nyumbani za msimu wa kawaida wa 2017, mirusho zaidi ya 8,000, akanasa vishindo katika zaidi ya 1,100. Aliweza kwa sababu siku nyingi za msimu wa kawaida uwanja huwa umetulia. Septemba mwaka huohuo mrushaji wa Chicago White Sox, Danny Farquhar, alivisikia mwenyewe akiwa katikati ya uwanja, akasimama na kubadilisha ishara. Kabla mechi haijaisha wachezaji wa Astros walikuwa wameibandua ile skrini ukutani na kuificha ofisini. Kwa ajili ya mtoano wakaweka nyingine juu ya meza. Kwa hiyo nia haikukoma. Ila kuanzia hapo kishindo kilipaswa kupenya kelele za watu zaidi ya 40,000, mbele ya wapinzani waliokwisha kuingiwa na shaka.

Sasa tazama warushaji wawili wa Dodgers katika fainali. Clayton Kershaw, katika mechi ya 1 jijini Los Angeles, aliwatoa wapigaji 11 kwa kukosa mpira. Siku tano baadaye, Houston, aliwatoa 2 tu, na akaondoka akiwa amebebeshwa pointi 6. Kesi imekwisha? Mlete Yu Darvish. Mechi ya 3, Houston, aliondolewa kabla awamu ya pili haijaisha. Mechi ya 7 aliondolewa kabla awamu ya pili haijaisha vilevile, safari hii Los Angeles, kusiko na pipa. Ilisemwa baadaye kwamba namna alivyoushika mpira ndani ya glovu ndiyo iliyomsaliti. Huo ni usomaji halali, na huenda ndio uliokuwa na thamani kubwa zaidi katika fainali nzima.

Na ile 8 kwa 1? Katika msimu wa kawaida wa 2017, pipa likiwapo sehemu kubwa ya msimu, Astros walishinda mechi 48 nyumbani na 53 ugenini. Katika fainali ya 2019 walipoteza mechi zote nne walizochezea nyumbani dhidi ya Washington Nationals. Mechi tisa ni chache mno. Bahati tupu inaweza kuzaa 8 kwa 1.

New York Giants wa 1951 nao wanasimuliwa hivyohivyo. Walikuwa na darubini nyuma ya uwanja wao wa Polo Grounds, na kengele ya umeme ya kupeleka habari. Bobby Thomson akaupiga mpira wa Ralph Branca, mrushaji wa Brooklyn, pigo lililowapa ubingwa wa ligi yao. Wasimulizi husahau kwamba siku mbili kabla Thomson alikuwa ameupiga mpira wa Branca huyohuyo hadi jukwaani katika uwanja wa Brooklyn, na kwamba siku iliyofuata, darubini ikiwa pale Polo Grounds, Giants walichapwa 10–0.

Kamishna wa besiboli Rob Manfred, alipotoa ripoti yake Januari 2020 na kuwatoza Astros faini ya dola milioni 5, aliandika kwamba haiwezekani kujua kama wizi ule ulibadilisha matokeo. Kwa fainali nzima nakubaliana naye. Kwa mechi ya 5 ya fainali, la. Kershaw aliongoza 4–0 akalipoteza tonge mdomoni. Yuli Gurriel alisawazisha kwa pigo moja la pointi 3, na mechi ikaisha 13–12 katika awamu ya kumi. Ni kweli Dodgers walipata pointi 12 bila kugongewa chochote. Ni kweli pia kwamba Alex Bregman alipopiga pigo la mwisho, Astros walikuwa na mtu kituo cha pili, hali iliyomfanya mdakaji yeyote azifanye ishara zake kuwa ngumu zaidi. Lakini tofauti ilikuwa pointi moja, na kwa tofauti hiyo mirusho miwili au mitatu iliyojulikana mapema ilitosha.